Mkono Kwenye Koo la Ng'ombe

Mkono wa kulia wa guka ulijulikana kuliko uso wake. Guka ni babu yangu, baba ya baba, na pale kwetu juu ya Wamagana watu hawakuja kumtafuta kwa sababu ya maneno, maana maneno alikuwa nayo machache. Walikuja kuuomba mkono. Ndama akilala vibaya tumboni mwa mama yake, guka aliitwa. Ng'ombe akimeza avokado nzima ikakwama kooni, guka aliitwa. Huku kila boma lina mti wa avokado, na zile zinazoanguka hupewa ng'ombe, kwa hivyo alikuwa akiitwa sana.

Alivua koti. Akakunja shati mpaka karibu na kwapa. Kwa mkono wa kushoto aliushika ulimi wa ng'ombe na kuuvuta pembeni, katikati ya magego, ili mnyama akiuma ajiume mwenyewe. Kisha mkono wa kulia uliingia polepole mpaka kiwiko, na macho yake yakaangalia mahali pengine kabisa, kwenye mabati ya paa, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Baadaye mkono ulitoka na avokado, au kiazi, au gunzi la mahindi, na watu wakacheka kwa kufurahi. Guka hakucheka. Aliomba maji ya kunawa.

Mkono huo ndio uliomuua. Naandika kwa sababu najua vile ulivyomuua kuliko mtu mwingine yeyote, na kwa muda mrefu nilikaa na siri hiyo peke yangu.

Tulikuwa watatu nyumbani: guka, Mama na mimi. Baba anafanya kazi Mwea kwenye mashine ya kukoboa mchele, anarudi mwisho wa mwezi. Na ng'ombe walikuwa watatu pia. Mkubwa mweusi mwenye mabaka meupe ndiye aliyekuwa akitoa maziwa ya kupelekwa kituoni, kisha binti yake, na mwingine mdogo wa kahawia ambaye guka alisema ni mvivu lakini ana adabu. Walikaa kwenye kibanda cha mbao alichokijenga mwenyewe, sakafu imeinama kidogo ili mkojo uteremke shambani. Ng'ombe wetu hawaendi malishoni, hakuna malisho. Chakula hukatwa na kuletwa. Guka alikata nyasi za nepia kila siku, na nepia ina makali. Mikono yake ilikuwa imejaa mistari midogo myekundu ambayo haikuwahi kupona yote kwa wakati mmoja.

Nina jina la cucu, marehemu mke wake, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza. Kwa hivyo guka hakuwahi kuniita mjukuu. Aliniita "bibi yangu", kama mtu anavyomwita mkewe, hata mbele ya wageni.

"Bibi yangu, leo umeamka ama umeamshwa?"

"Nimeamka, guka."

"Basi leta maji ya moto, hawa wanawake wengine wanangoja."

Wanawake wengine ni ng'ombe. Mimi ni mtu wa haya. Shuleni niko kidato cha tatu na kuna walimu ambao hawajawahi kusikia sauti yangu. Wageni wakija nyumbani napita nyuma, kwenye shamba la majani chai, ili nisiwasalimie. Lakini kibandani na guka nilikuwa naongea. Sijui ni kwa nini. Labda kwa sababu wakati wa kukamua hakuna anayemwangalia mwenzake, kila mtu ameegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe wake.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kufunga geti.

*

Ilikuwa likizo ya Aprili, asubuhi, mvua imenyesha usiku na mlima haukuonekana. Wazee watatu wa kituo cha maziwa walikuja kuongea na guka. Walikaa kwenye viti uani, na mmoja wao, jirani yetu wa chini, ndiye aliyeingia wa mwisho na kuacha geti wazi. Guka aliniita.

"Bibi yangu, funga geti."

Ili nifike getini ilinibidi nipite mbele ya wale wazee, niwape mkono mmoja mmoja, na yule jirani angeniuliza kama kawaida yake, "Na huyu bibi ya mzee ataolewa lini mara ya pili?" na wote wangecheka. Nilisema "Ndio, guka." Kisha nikazunguka nyuma, nikaingia stoo ya nyasi na kukaa huko. Nilijiambia watakapoondoka nitafunga.

Ni kutoka kwenye ile stoo nilipomwona mbwa.

Alikuwa wa rangi ya udongo, mwembamba, na kipande cha kamba shingoni, mwisho wake umetafunwa. Aliingia getini akitembea katikati ya njia. Mbwa wa watu akiingia kwa wenyewe hutembea pembeni na mkia umefichwa. Huyu hakuangalia kando. Mdomo ulikuwa wazi na ulining'inia kama umechoka kufungwa. Mbwa wetu, ambaye hubwekea hata kuku wa jirani, alirudi ndani ya kibanda chake na kunyamaza. Hicho ndicho kilichonitisha kwanza. Wazee walikuwa upande wa pili wa nyumba, wamelipa geti mgongo, niliwasikia wakicheka.

Mbwa alikwenda moja kwa moja mpaka kwa ng'ombe. Yule mkubwa mweusi aliinamisha kichwa juu ya hori amnuse, maana ng'ombe ni mtu wa kutaka kujua. Mbwa akamuuma puani. Hakubweka, hakunguruma. Alishika, akakaa hivyo kidogo, akaachilia. Ng'ombe alirudi nyuma na kugonga mbao. Mbwa aligeuka, akatoka kwa njia ileile aliyoingilia, mwendo uleule.

Yote yalikuwa mafupi sana. Ningeweza kupiga kelele. Wazee watatu wazima walikuwa hatua thelathini kutoka pale.

Nilingoja aende. Nilichota maji, nikatia chumvi, nikamwosha ng'ombe pua kwa kitambaa cha kukamulia. Vilikuwa vitundu vinne tu, viwili juu na viwili chini. Wazee walipoondoka, nikaenda nikafunga geti.

Jioni guka aliona.

"Nani amekwaruza huyu?"

"Ni msumari wa hori," nikasema.

Alikwenda kuchukua nyundo. Alitafuta msumari kwa muda mrefu, akipapasa mbao zote kwa kiganja, na alipopata mmoja uliochomoza kidogo aliupiga mpaka ukaingia wote. "Asante, bibi yangu," akasema. "Kama si wewe ungemtoboa jicho."

*

Shule zilifunguliwa. Wiki ya kwanza, darasani, wasichana wa upande wa Giakanja walikuwa wanasimulia kwamba kuna mbwa mwenye kichaa aliyeuawa sokoni kwa mawe. Mmoja alisema alikuwa na kamba shingoni. Mwingine akasema, "Wewe, ati kamba, ulikuwepo?" Wakacheka. Mimi nilikuwa natoa kitabu kwenye begi na niliendelea kukitoa, polepole, mpaka wakaongea mambo mengine.

Kichaa cha mbwa tulikuwa tumesoma. Najua kwamba mnyama anaweza kukaa wiki nyingi akiwa mzima. Kwa hivyo kila jioni nilipotoka shule nilikwenda kumwangalia kabla ya kuvua sare. Alikuwa akila. Alikuwa akicheua na kuniangalia kwa yale macho yake ya kusinzia. Vidonda vilikauka, vikabanduka, pua ikawa nyeusi na laini kama zamani. Wiki ya tatu tangu aumwe nikaanza kulala vizuri. Wiki ya tano nikasahau siku moja nzima, na nilipokumbuka nilimshukuru Mungu kwa kunisahaulisha.

Wiki ya sita aliacha chakula.

Ilikuwa Jumatatu. Guka alisema labda amechoka na nepia, akamkatia majani ya viazi vitamu, hakugusa. Jumanne sauti yake ilibadilika. Ng'ombe yule alikuwa na sauti nzito, ya chini, ambayo Mama alisema inafaa kwaya ya wanaume. Sasa ilitoka imepasuka, kama ya mtu aliyeimba mkutano wa injili siku tatu bila maji. Aliita na kuita, bila kumwita mtu. Na mate yalianza kushuka, marefu, hayakatiki.

"Amemeza avokado," guka akasema.

Jirani wa chini aliitwa aje ashike kamba. Alifika akiwa na mzaha wake. "Mzee, hii mkono yako siku moja itabaki ndani."

"Ikibaki utanipea yako. Wewe huna kazi nayo."

"Yangu ni ya kushika kikombe."

"Shika kamba basi, ujue vile kazi inafanana."

Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la maji ya kunawa. Sare nilikuwa bado sijavua. Guka alivua koti, akanipa nilishike pia, akaanza kukunja shati. Niliiona ile mistari ya nepia mkononi mwake, mingine ya asubuhi hiyohiyo, bado mibichi. Nilifungua mdomo.

"Guka, si tungoje daktari?"

Hata kusema hivyo mbele ya jirani kulinitoa jasho.

"Daktari atakuja na pikipiki," guka akasema. "Mimi nimekuja na mkono. Nani amefika kwanza?"

Jirani alicheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu, kwa sababu wote wawili walikuwa wananiangalia.

Alitia mkono. Aliangalia mabati. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida, akageuza bega, akaingiza zaidi. "Hakuna kitu," akasema. "Lakini hamezi. Hii koo imelala." Alipoutoa, mkono ulikuwa unang'aa mate mpaka juu ya kiwiko, na kwenye kifundo cha kidole gumba kulikuwa na mkwaruzo wa jino, na damu kidogo. Alinawa katika beseni nililolishika. Nilimimina maji yale mbali, kwenye mtaro. Mikono yangu nikaiosha kwa sabuni mara tatu. Yangu.

Jioni alijaribu tena. Jumatano asubuhi alijaribu tena. Jumatano mchana ng'ombe alianguka kwa miguu ya nyuma na hakusimama, akawa anang'ata ukingo wa hori, na kabla ya Alhamisi kupambazuka vizuri alikuwa amekufa, shingo imenyooka, mdomo kwenye ukuta.

Walimzika nyuma ya migomba. Watu wawili walikuja wakisema nyama itapotea bure, na guka akawafukuza. Si kwamba aliushuku ugonjwa. Alisema ng'ombe aliyemlisha miaka minane hawezi kumla.

*

Daktari wa mifugo, ambaye Mama alikuwa amemwita, alikuja Ijumaa. Alikuwa kijana, aliomba radhi kwa kuchelewa, alikuwa na maboma mengi. Alisikiliza guka akieleza: hakula, sauti, mate, miguu. Kadiri guka alivyoeleza ndivyo yule kijana alivyoacha kuandika. Mwishoni alikuwa ameshika kalamu tu.

"Mzee, kuna mtu aliweka mkono kwa mdomo yake?"

"Mimi. Mara tatu."

Daktari aliangalia ule mkono. Guka naye aliuangalia, kama ameonyeshwa kitu cha mtu mwingine.

"Na kuna mbwa aliingia hapa? Hata mwezi mmoja, miwili imepita?"

"Hakuna."

"Una hakika? Kwa sababu kama aliingia, mzee, hii si avokado. Hii ni kichaa. Na wewe unahitaji sindano leo, si kesho. Ikianza kuonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa. Hakuna kabisa. Ningekuwa na kichwa ya huyo ng'ombe ningepeleka ipimwe."

"Hakuna mtu atafukua ng'ombe yangu amkate kichwa," guka akasema. "Na mbwa hakuingia. Geti hufungwa na huyu." Akanielekezea mimi. "Muulize. Huyu hajui kudanganya. Hata kuongea anaona ni kazi."

Wote walinigeukia: guka, daktari, Mama akiwa mlangoni na mwiko, jirani kwenye kiti chake.

"Uliona mbwa?" daktari akauliza.

Nilitikisa kichwa, kwamba hapana.

Nimejaribu kueleza hapa kwa nini na nimefuta mara nyingi. Niliogopa kuwa yule aliyeacha geti wazi. Niliogopa kuonekana kwamba nilidanganya kuhusu msumari. Lakini zaidi ya yote, niseme ukweli, macho yalikuwa mengi. Kama angeniuliza kibandani, tukiwa wawili, ningesema. Nafikiri ningesema.

"Bado ningekushauri uende," daktari akamwambia guka.

"Nitaona," guka akasema. Sisi tunajua "nitaona" ya guka maana yake ni nini.

Zilipita siku saba. Nazijua zote. Jumamosi nilisema nitamwambia Jumapili baada ya kanisa. Jumapili kulikuwa na wageni. Jumatatu tulikuwa na mtihani. Jumanne guka alikuwa na furaha, yule binti wa ng'ombe alikuwa ameongeza maziwa, na sikutaka kumharibia. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa sababu moja. Kila asubuhi nilimwona akikata nepia na mkono ule, na ule mkwaruzo wa kidole gumba ukiwa unapona vizuri, na kupona kwake ndiko kulinitisha.

Ijumaa niliandika barua. Niliiandika kwa Kiswahili, maana Kigikuyu siwezi kukiandika sawasawa na Kiingereza yeye hakusoma. Niliandika kila kitu: wazee, geti, stoo, mbwa, chumvi, msumari, na kutikisa kichwa. Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kuanza kukamua, niliiweka juu ya kifuniko cha mkebe wa maziwa, nikakaa chini ya ng'ombe wangu na kuficha uso ubavuni mwake.

Nilisikia akiifungua. Guka alikuwa anasoma akisogeza midomo. Ilichukua muda. Maziwa yangu yalikuwa yanagonga ndoo na niliogopa kuyanyamazisha. Kisha nikasikia karatasi ikikunjwa, mara mbili, tatu. Sikugeuka.

"Bibi yangu," akasema.

"Ndio, guka."

"Maliza kukamua. Usimwachie maziwa kwa titi, ataugua."

Nikamaliza. Nilipotoka alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na kofia. Alimwambia Mama kwamba amelala vibaya, ameota ndoto, na ameamua kumsikiliza yule kijana daktari. "Naenda na bibi yangu," akasema. "Yeye pia alishika maji niliyonawia mate ya yule ng'ombe." Hakuwahi kunichapa, hakuwahi kuniuliza kitu. Angenichapa ningepumzika.

*

Muuguzi aliyetuhudumia mjini alikuwa mama mnene wa kutoka Magharibi, Kiswahili chake kizuri, na guka alimpenda mara moja kwa sababu alimwuliza habari za ng'ombe kabla ya habari zake.

"Lini hasa uliweka mkono, mzee wangu?"

"Jumanne. Si hii. Ile nyingine."

Alihesabu kwa vidole. Aliosha kidole gumba kwa muda mrefu ingawa palikuwa pameshafunga. Akatuchoma sindano sote wawili, akatuandikia siku za kurudi.

"Mngekuja siku ileile ningewaambia mlale usingizi," akasema. "Sasa nawaambia msikose hata sindano moja, na tumwombe Mungu. Huyu mdudu hutembea polepole kutoka kwenye kidonda kwenda kichwani. Sindano nayo ina mwendo wake. Ni nani atafika kwanza, hilo sijui."

Guka aliniangalia. Nilidhani atasema kitu kuhusu pikipiki na mkono. Alisema, "Bibi yangu, umeuliza choo ni wapi?" kwa sababu alijua singethubutu kuuliza mwenyewe.

Hatukukosa sindano hata moja. Mama aliambiwa maneno ya muuguzi, jirani pia akaenda akachomwa. Na baada ya hapo tukaanza kumwangalia guka akinywa chai, kuona kama anameza, maana kichaa hufunga koo.

Hatukupanga. Ilikuwa tu kwamba akiinua kikombe, mimi na Mama tuliacha tulichokuwa tunafanya. Mama alishika kisu hewani juu ya mboga za sukuma. Mimi nilisoma mstari mmoja wa kitabu mara tano. Koo la guka lilipanda, likashuka, na Mama akaendelea kukata. Hivyo kila asubuhi, kila jioni. Guka alijua. Siku moja alikunywa kikombe kizima bila kupumua, akakigeuza juu chini na kukiweka mezani. "Mmeridhika?" akauliza. Mama alicheka mpaka akatokwa na machozi, na hakuweza kuacha, ikabidi atoke nje.

Alianza kunifundisha vitu. Zamani aliniacha nijifunze kwa kuangalia. Sasa alisema. Ndama akitanguliza miguu miwili na pua, mwache. Akitanguliza mkia, usingoje. Ng'ombe akivimba tumbo upande wa kushoto, msimamishe miguu ya mbele pahali pa juu. Alisema haya akikata nepia, bila kuniangalia, na mimi nilichukia kila somo, kwa sababu nilijua anamwaga mfuko wake.

"Na koo?" nilimwuliza siku moja.

"Koo hutaweka mkono," akasema. "Utaita daktari na utangoja."

Ilikuwa wiki ya kumi baada ya ng'ombe kufa. Asubuhi ya baridi, ule ukungu wa Julai ambao haunyeshi wala hauondoki. Nilifika kibandani nikamkuta amesimama nje, kwenye mlango. Hakuwahi kusimama nje. Alikuwa anausugua mkono wa kulia kwa wa kushoto, kuanzia kidole gumba kwenda juu.

"Uliulalia mkono?" nikauliza.

"Unawasha," akasema. "Tangu juzi."

Nilikuwa nimemletea chai. Alikipokea kikombe, akakiinua, na kabla ya kufika midomoni kitu kilimshtua shingoni, kama mtu aliyepigwa kwa nyuma. Alikishusha. Alingoja. Akajaribu tena, na safari hii mkono mzima ulitetemeka na chai ikamwagika kwenye gambuti, viatu vyake vya mpira. Aliangalia ndani ya kile kikombe kwa muda. Nilinyoosha mkono nikipokee.

"Usiniguse," akasema. Hakusema kwa ukali. Alimimina chai chini mwenyewe, akakiweka kikombe juu ya nguzo ya geti. "Hii mtavunja. Msioshe. Kamua wewe. Mimi leo siingii kwa ng'ombe." Kisha akakumbuka. "Mwambie mama yako aite gari. Na aje polepole, asikimbie kama ameona moto."

Alikwenda hospitali akiwa amekaa kiti cha nyuma peke yake, dirisha limefungwa kwa sababu upepo ulikuwa unamuumiza. Alikaa siku tatu. Sitaandika hizo siku. Niliruhusiwa kumwona kupitia kioo mara moja, na hakuwa ananiangalia mimi.

*

Kwenye mazishi Baba alisoma historia yake. Alisema guka alianza na mtamba mmoja. Alisema mkono wa guka ulizalisha nusu ya ng'ombe wa Tetu, na watu wakaitikia ni kweli. Kisha akasema anaamini kuna mtu mmoja aliyemsihi guka akubali kwenda hospitali wakati wengine wote walishindwa, akampeleka yeye mwenyewe, na kama kuna siku zozote tuliongezewa za kuwa na guka, ni kwa sababu ya binti huyu. Akaniita mbele. Watu wakapiga makofi. Nilisimama pale kando ya jeneza, macho yote yakiwa juu yangu, na nilinyamaza tena. Hiyo ilikuwa mara ya tatu mbele ya watu.

Nguo zake ziligawanywa. Koti la kanisani lilimwendea jirani wa chini, kwa sababu walikuwa wa mwili mmoja na kwa sababu alishika kamba. Ni baada ya yeye kuondoka nalo begani nilipoikumbuka barua. Guka aliikunja asubuhi ile, na tulipokuwa tunatoka nilimwona akiitia mfuko wa ndani wa koti hilo. Sikuwahi kumwona akiitoa.

Jumapili tatu nimekaa kanisani nyuma ya koti hilo. Jirani anatafuta miwani, mfuko wa nje. Anatafuta sadaka, mfuko wa nje. Jumapili iliyopita mvua ilinyesha, akaingiza mkono ndani kutafuta leso, na mkono ukakaa huko. Hakugeuka. Lakini aliutoa bila leso, na ibada yote iliyobaki hakuimba.

Leo ni Jumamosi. Alituma salamu kwa Mama kwamba kesho baada ya kanisa atapita nyumbani, ana neno.

Nilimkuta Mama kibandani amemaliza kukamua yule wa kahawia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikimwangalia. Sauti yangu ilitoka ndogo, nikairudia kwa nguvu zaidi. Geti, mbwa, msumari, daktari, barua. Mama aligeuza ndoo tupu akaikalia. Nyuma yake nilisikia ng'ombe akimeza.

"Guka alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya sindano ya kwanza."

Aliangalia sakafu, pale mahali palipoinama.

"Na akakwambia nini?"

"Aliniambia nimalize kukamua."

Mama aliinuka. Alishika mkebe wa maziwa upande mmoja, na mimi, kwa kuwa hakuniambia nisifanye hivyo, nikashika upande wa pili. Tuliubeba mpaka barabarani. Sijui bado ataniambia nini.